LENZI PANA NA WALE WALIOKAA PEMBENI



Lenzi ambayo vijana wetu wa media hutumia Jumapili ni ile ya milimita 16 hadi 35. Kwenye kamera ya fulu-fremu, ukiiweka 16 inaona karibu nyuzi 107, kutoka kona moja ya picha hadi nyingine. Kijana anasimama karibu na madhabahu na kanisa lote linaingia: kwaya, watoto, mpaka mlango wa nyuma.

Lakini upana huo una gharama. Aliye karibu na lenzi anaonekana mkubwa kupita kiasi, na aliye nyuma anakuwa kama punje ya mtama. Aliyekaa pembeni kabisa anavutwa, uso unapanuka na mkono unarefuka.

Mama mmoja wetu alirudi ibadani baada ya kuugua miezi mingi. Aliketi mwisho wa benchi, mahali ambapo ni rahisi kutoka ukizidiwa. Picha ilipowekwa mtandaoni, alikuwa pale ukingoni, uso umevutwa kando. Mtu akaandika chini yake, "Kumbe ugonjwa umemmaliza hivi!" Mama akaniuliza, "Mchungaji, kweli ndivyo nilivyo sasa?"

Hapana, mama. Si ugonjwa uliofanya vile. Ni mahali ulipoketi na mahali kamera iliposimama. Picha ile tuliiondoa siku hiyo hiyo.

Wapendwa, kanisani wapo wengi waliokaa pembeni: mjane, kijana asiye na kazi, dada aliyerudi nyumbani na mtoto bila mume. Watu wanawatazama na kusema, "Yule amepinda." Pengine hajapinda. Uliza kwanza wewe umesimama wapi.

Mpiga picha anajua dawa yake. Anarudi nyuma hatua chache, anashika kamera sawasawa bila kuinamisha, na anawaleta watu katikati. Soma Marko 10 kuanzia mstari wa 46. Bartimayo alikuwa ameketi kando ya njia, na umati ukamkemea anyamaze. Yesu akasimama, akaagiza aitwe. Alimtoa kando akamleta mbele Yake, kisha akamwuliza anataka nini. Hakumhukumu akiwa kule ukingoni.

Tena kuna namna ya kusafisha lenzi. Usiipanguse kwa tai wala shati. Kwanza unapuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, ndipo unachukua kitambaa laini chenye tone la dawa ya lenzi, unazungusha polepole kutoka katikati kwenda nje. Ukisugua kabla ya kupuliza, chembe za mchanga zinakwaruza kioo. Ndiyo maana Wagalatia 6:1 inatutaka tumrejeze ndugu kwa upole. Wengi wameondoka kanisani wakiwa na mikwaruzo ya mikono iliyotaka kuwasafisha.

Na usiifungie kabatini ikiwa na unyevu. Ukungu huota ndani, ambako kitambaa hakifiki. Uchungu uliofichwa moyoni nao huota hivyo hivyo.

Wiki hii tafuta mtu mmoja aliyekaa pembeni. Usimtumie ujumbe tu. Mpigie simu, au nenda kwake mnywe chai. Jumapili mwite mketi pamoja.

Bwana atupe macho ya kuwaona watu kama Yeye anavyowaona, katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, na umwombee mtu huyo leo.