Jiwe la Baba na hendibreki ya Datsun

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, samahani jamani. Kwanza kazi za chumba cha habari, halafu hili jambo ambalo nimekuwa nikijiuliza kama niliandike au nilimeze. Nimeona niliandike tu. Lilitokea Krismasi ya 2023 na bado linanikatisha usingizi.

Wanaonifahamu wanajua kuwa naendesha Datsun 240Z ya mwaka 1972. Msinipongeze, ni gari la Baba. Mwaka 1973 alikuwa mwanafunzi, akasikia redioni kuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ameshinda mbio za East African Safari na 240Z. Mehta na Harry Källström, naye akiwa na Datsun, walimaliza wakiwa na pointi za adhabu sawasawa, ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Baba anaisimulia hadithi hiyo kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Shida ni kwamba 240Z haina kiti cha nyuma.

Miaka mingi baadaye akapata ya kwake kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa anauza mali. Akaitunza kama mboni ya jicho. Halafu akanikabidhi mimi funguo, nikaja nayo Dar.

Sasa niwaambie nilivyoitunza. Injini, silinda sita, lita 2.4, nikaifungua yote. Kabureta mbili zikasafishwa na kusawazishwa mpaka muungurumo ukawa mtamu. Rangi ikapigwa upya. Yaani kila kinachoonekana na kila kinachosikika kilipata pesa yangu.

Hendibreki haionekani wala haisikiki. Nilikuwa naivuta mpaka juu kabisa na gari linashika kidogo tu. Fundi mmoja wa mjini akaingia chini, akakaza kebo, akatoka. Dakika kumi. Nikaridhika. Sinza na Mwenge ni tambarare, nani anahitaji hendibreki? Nikiegesha naacha gari kwenye gia, basi.

Baba hakuwahi kuegesha hivyo. Yeye hata akiegesha kwenye uwanja wa mpira ataweka jiwe nyuma ya tairi. Tulipokuwa wadogo tulimcheka sana. "Baba, hili si lori la mkaa!" Mnawajua utingo wanavyoruka na gogo mkononi lori likikwama mlimani. Tulimwita Utingo, kwa siri lakini.

Basi, tarehe 24 Desemba nikafika nyumbani Marangu. Mnajua Wachaga na Krismasi, ukoo mzima ulikuwa pale. Uwanja wa Bibi umeinama, kama ardhi yote ya kule. Nikasimamisha gari sehemu ya juu, nikavuta hendibreki, nikatoa gia, nikaacha injini inaunguruma ili binamu zangu waisikie. Nikafungua boneti. Nataka kusifiwa, si unajua.

Nyuma ya gari alikuwepo mtoto wa dada yangu, miaka sita. Kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa vumbi la safari naye alikuwa anachora kwa kidole. Mimi sikumwona.

Gari halikuondoka kwa kishindo. Liliondoka taratibu, kama mtu anayeaga. Nilishika ukingo wa boneti kwa mikono miwili, kana kwamba mtu anaweza kuzuia tani moja ya chuma kwa kucha. Nikasikia dada yangu anapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Alimvuta mtoto kwa ukosi wa shati, wakaanguka wote wawili pembeni. Gari likapita, likaingia migombani, likalaza migomba miwili, likaegemea wa tatu.

Mtoto hakuumia. Ndala yake moja ilikuwa chini ya tairi.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Alienda nyuma ya jiko, akaokota jiwe, akateremka nalo mpaka migombani, akaliweka nyuma ya tairi la gari ambalo tayari lilikuwa limesimama. Kisha akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Tarehe 27 nikateremka Moshi mjini polepole, kwa gia ndogo. Fundi niliyempata ni mtu mzima, rika la wajomba zangu. Akaninyooshea kitu ambacho nilipaswa kukijua siku nyingi.

Mbele 240Z ina diski na pedi. Nyuma ina dramu, na ndani yake mna shuu mbili zilizojipinda, zimefungwa lainingi. Shuu hizohizo zina mabwana wawili. Ukikanyaga pedali zinasukumwa kwa oili, ukivuta hendibreki zinasukumwa kwa kebo na wenzo mdogo. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kusimamisha gari, kwa hiyo shuu zinaweza kuisha usijue kitu. Ya kwanza kukwambia ni hendibreki.

Dramu ya kushoto iligoma kutoka. Akatafuta matundu mawili yenye meno, akaingiza bolti, akazikaza zamu kwa zamu, ikaachia. Ndani lainingi ilikuwa imeisha mpaka vichwa vya ribiti vinameremeta. Kisha akanionyesha silinda ndogo ya breki. Kwenye gari hili silinda hiyo inatakiwa itelezeteleze kwenye bamba lake, ili wenzo ukisukuma shuu moja, silinda irudi nyuma isukume ya pili. Yangu ilikuwa imeganda kwa kutu na vumbi. Nusu ya hendibreki ilikuwa imekufa.

"Aliyekukazia kebo alikudanganya," akasema. "Kebo inakazwa mwisho, shuu zikishakuwa nzima. Ukianza na kebo unaficha ugonjwa." Mimi mwandishi wa habari, kazi yangu kuuliza maswali, na sikumuuliza yule wa kwanza hata moja.

Halafu akainama apulize vumbi la ndani ya dramu kwa mdomo. Nikamshika bega. "Mzee wangu, samahani, usipulize." Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani baada ya miaka ishirini, thelathini, hata zaidi. Akaniangalia. "Kijana wangu, mimi nimepuliza tangu nina miaka kumi na saba." Sikuwa na la kumjibu. Tukakaa kimya kidogo. Mwishowe akamwita kijana wake alete ndoo ya maji ya sabuni na kitambaa, vumbi tukalifuta likiwa limelowa. Kijana naye alikuwa na miaka kama kumi na saba hivi.

Shuu zenyewe hazikupatikana mjini. Zikapelekwa kwa mtu anayebandua lainingi kuukuu na kugongelea mpya kwa ribiti. Nikaomba nilione boksi kabla, limeandikwa haina asbesto. Kesho yake zikarudi, vichwa vya ribiti vimezama vizuri chini ya lainingi. Silinda ikasafishwa kwa msasa laini, ikapakwa grisi kidogo pale inapoteleza, mpira wa kuzuia vumbi ukabadilishwa. Dramu zikarudishwa, nikaambiwa nivute hendibreki na kuiachia, nivute na kuiachia. Ndani kukasikika mlio wa "ta, ta, ta", kila mlio gurudumu la marekebisho linasogea jino moja. Mlio ulipokoma, ndipo kebo ikakazwa, kidogo tu. Kazi yote ilinigharimu pungufu ya nilicholipia rangi ya boneti.

Nikapanda tena Marangu. Safari hii niliomba watu wote waingie ndani. Nikasimama palepale, nikavuta, nikatoa gia, nikaondoa mguu. Likatulia tuli. Nikaligeuza lielekee bondeni, nikarudia. Likatulia.

Baba akatoka, akazunguka gari mara moja, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Hakuna aliyecheka.

Jiwe hilo sasa liko kwenye buti langu hapa Dar, naliweka kila ninapoegesha. Walinzi wa maegesho wananicheka, waache wacheke. Mtoto hajapanda tena gari hilo. Dada yangu hajasema hataki, ila nami sijathubutu kumwomba.

Na wewe msomaji, gari lako ukilivutia hendibreki mlimani, una hakika?