Ugumu wa Haki na Ugumu wa Dhuluma: Malalamiko ya Marubani wa Tarakilishi

Wahakiki hawapatikani maktabani pekee. Wapo pia mbele ya tarakilishi za wanafunzi usiku wa Jumamosi, ambapo kijana aliyedunguliwa kwa mara ya tisa hujishika kichwa na kuuliza, "Kwani mchezo huu uliundwa na nani?" Swali hilo hutoka kwa hasira, lakini ni swali la uhakiki. Anayeliuliza anataka kujua kama kushindwa kwake kumetokana na uchanga wake, na ukweli wa jambo linaloigwa, au na uzembe wa aliyelibuni. Katika insha hii nakusudia kuyapa malalamiko ya aina hiyo heshima yanayostahili, kisha nitazame yana funzo gani kwetu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili.

Mchezo uliozua mjadala huu bwenini mwetu unaitwa IL-2 Sturmovik. Ulitolewa mwaka 2001, ukiwa umeundwa na kampuni ya 1C: Maddox Games ya Urusi chini ya mbunifu Oleg Maddox. Jina lake limetokana na ndege ya Kisovieti iliyobuniwa na Sergei Ilyushin kwa ajili ya kuyashambulia majeshi ya nchi kavu. Ndege hiyo iliundwa kwa wingi kuliko ndege nyingine yoyote ya kivita katika historia, zaidi ya 36,000. Mandhari ya mchezo ni upande wa mashariki wa Vita vya Pili vya Dunia, ambako Wasovieti walipambana na Wajerumani. Ni mchezo mkongwe, lakini ukongwe wake ndio uliotufaa, kwa kuwa tarakilishi zetu kuukuu ziliumudu. Hivyo ukapitishwa kutoka chumba hadi chumba kama kitabu kizuri chenye nakala moja.

Mgeni huingia humo akidhani kwamba kazi yake ni kumlenga adui na kufyatua risasi. Kumbe adui wa kwanza ni ndege yake mwenyewe. Anapoanza kukimbia uwanjani, nguvu ya rafadha inayozunguka puani mwa ndege huivuta ndege upande mmoja, naye asipoirekebisha hujikuta nyasini. Akifanikiwa kupaa, akauvuta usukani kwa pupa ili apige kona kali, mabawa hupoteza uwezo wa kubebwa na hewa, na ndege huanguka ikizunguka kama pia. Akiikaza injini mno, huchemka. Hata anapomfikia adui, risasi zake hupita nyuma, kwa sababu katika mapigano ya angani mtu huelekeza bunduki mahali ambapo adui atakuwa, wala si mahali alipo. Angali anatafakari hayo, mwingine ambaye hakumwona kabisa hutokea upande wa jua. Safari ya dakika kumi huishia katika mshindo wa sekunde mbili.

Basi maoni yaligawanyika. Mwenzetu mmoja wa idara ya Biashara alishikilia kwamba mchezo ni burudani, na kwamba mwenye hamu ya mateso ana mitihani ya kutosha. Hoja yake si ya kubezwa. Mtu aliyechoka kwa masomo ya juma zima ana haki ya kupumzika bila ya kusomeshwa tena na chombo alichokiwasha kwa hiari yake. Mwanafunzi wa Uhandisi alimpinga vikali. Kwake yeye, ndege isiyoanguka si ndege bali ni katuni, na furaha ya kutua salama hutokana na uwezekano wa kutotua salama. Ukiuondoa uwezekano huo, umeiondoa na furaha yenyewe. Wa tatu, msomi wa Historia, alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kusema, "Nyote mnabishana kuhusu nafsi zenu. Waliopanda ndege hizo hawakuwa na kitufe cha kuanza upya."

Kauli hiyo ya mwisho ilinipa kazi ya kufikiri. Ndege ya Il-2 ilikuwa imekingwa kwa bamba nene la chuma lililomzunguka rubani na injini. Baadaye, kuanzia mwaka 1942, iliongezewa askari wa kukaa nyuma na kuwazuia maadui kwa bunduki. Askari huyo aliwekwa nje ya kinga ile ya chuma. Katika mchezo, mtu huiona nafasi hiyo kama kiti cha pili tu. Katika vita, ilikuwa nafasi ya kijana mwenye mama yake, na tofauti kati ya aliyekingwa na asiyekingwa ilikuwa hatua moja. Hapo niliona kwamba malalamiko ya "mchezo mgumu" yamebeba zaidi ya kero ya kupoteza alama. Swali lililojificha ndani yake ni hili: je, ugumu huu unanifunza ukweli fulani, au unanionea tu?

Mfano wa kulijibu swali hilo niliupata katika mchezo uliofuata wa ukoo huohuo, IL-2 Sturmovik: Cliffs of Dover, uliotolewa mwaka 2011. Huo unaiga vita vya anga vilivyopiganwa mwaka 1940 juu ya Uingereza. Mchezaji aliye ndani ya Spitfire au Hurricane anapomfukuza Mjerumani, Mjerumani huinamisha pua ya ndege yake ghafla na kushuka. Mchezaji naye huinamisha yake, na papo hapo injini hukohoa na kupoteza nguvu. Adui huyoo, ametoweka. Mchezaji hupiga meza na kulaani: mchezo umeharibika!

La hasha. Mchezo uko sawa, na historia iko sawa. Ndege hizo za Waingereza zilitumia injini ya Rolls-Royce Merlin, iliyolishwa mafuta kwa kabureta ya kuelea. Pua ilipoinamishwa kwa ghafla, mafuta yalirushwa juu ndani ya kabureta. Injini ilikosa mafuta kwa kitambo, kisha ikafurikwa nayo. Injini za Messerschmitt za Wajerumani zilisukumiwa mafuta kwa pampu hadi ndani ya silinda, hivyo hazikujali pua imeelekea wapi. Rubani Mwingereza alilazimika kwanza kuigeuza ndege tumbo juu, ndipo ashuke, na kufanya hivyo kulimpotezea muda ambao adui aliutumia kutoroka. Mwaka 1941, mhandisi wa kike aitwaye Beatrice Shilling, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, alibuni kijisahani cha chuma chenye tundu, kilichopunguza mafuriko hayo ya mafuta. Kifaa kidogo kiasi hicho, kisichozidi ukubwa wa sarafu, kikawapa marubani nafuu waliyokuwa wakiililia.

Huu ndio ninaouita ugumu wa haki. Unatokana na jambo lenyewe. Mchezaji akiujua chanzo chake, hasira humgeukia kuwa maarifa, na maarifa humgeukia kuwa mbinu. Haombi tena injini isikohoe, hujifunza kuigeuza ndege kabla ya kushuka.

Hata hivyo, katika mchezo huohuo kulikuwa na ugumu wa aina nyingine. Ulipotolewa mwaka 2011, picha zake zilikwamakwama hata katika tarakilishi zenye nguvu, na ulikuwa na kasoro nyingi za kiufundi. Wachezaji walilalamika, nao walikuwa na haki, maana hakuna rubani wa mwaka 1940 aliyeona mawingu yakisimama tuli mbele yake kwa sababu programu imelemewa. Ugumu huo haukuwa na ukweli wowote nyuma yake. Ajabu ni kwamba aina zote mbili za ugumu zilikaa katika chombo kimoja, na kwa mtu asiyejua habari za kabureta, injini inayokohoa na picha inayokwama zilifanana kabisa. Asiyejua maana haambiwi maana. Bila maarifa, mlalamikaji huweza kuitetea kasoro kwa kudhani ni ukweli, au kuulaani ukweli kwa kudhani ni kasoro.

Wapo waliojua kutofautisha. Kundi la wachezaji wa kujitolea, lijulikanalo kama Team Fusion, lilianza kuzirekebisha kasoro hizo lenyewe. Kazi yao ilikuwa nzuri hata mwaka 2017 toleo jipya lililorekebishwa likatolewa kwa ushirikiano rasmi na kampuni ya 1C. Injini waliiacha ikohoe inapostahili kukohoa. Wakaondoa kilichokuwa mzigo wa bure. Sijaona mfano bora zaidi wa uhakiki uliogeuka kuwa kazi ya mikono.

Ipo pia aina ya tatu, nayo ni ugumu wa tamaa. Katika mchezo wa War Thunder wa kampuni ya Gaijin Entertainment, mtu huingia bila malipo, lakini ndege bora hupatikana kwa kucheza muda mrefu sana au kwa kutoa pesa. Aidha, ndege iliyoharibiwa hutozwa gharama ya matengenezo kwa sarafu za mchezo, kiasi kwamba mchezaji aliyeshindwa aliweza kutoka vitani akiwa na deni kuliko alivyoingia. Mnamo Mei 2023 wachezaji walichoka. Waliujaza ukurasa wa mchezo huo katika duka la Steam kwa tathmini za kuukashifu, hadi kampuni ikayaondoa mabadiliko iliyokuwa imeyapanga na kutoa ratiba ya mageuzi. Hapo hapakuwa na kabureta ya kujifunza. Kikwazo kiliwekwa njiani ili mpitaji alipe.

Msomaji asidhani kwamba vita hivyo vilikuwa mbali nasi. Mwaka 1940 ndege za Waitaliano ziliangusha mabomu Wajir na Malindi. Mwandishi Roald Dahl, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, alijiunga na jeshi la wanahewa la Uingereza mjini Nairobi mwaka 1939 na kujifunza kurusha ndege papa hapa. Septemba 1940 alianguka katika jangwa la Misri na kuumia vibaya kichwani. Aprili 1941 alipelekwa Ugiriki kupigana kwa ndege ya Hurricane aliyokuwa ameirusha kwa saa chache tu. Katika kumbukumbu zake, Going Solo, zilizochapishwa mwaka 1986, anasikitika kwamba hakuna aliyemfunza namna ya kupigana angani kabla ya kutumwa huko. Hicho ndicho kilele cha dhuluma: kumtwika mtu jambo zito, kumnyima mafunzo yake, kisha kumhesabu miongoni mwa walioshindwa.

Wasomi wenzangu, maneno hayo yaliniingia moyoni nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Kila darasa nililoingia lilinipokea kwa wimbo mmoja: "Mwalimu, Kiswahili ni kigumu." Jibu la kawaida la walimu wengi ni kwamba mvumilivu hula mbivu. Lakini uvumilivu ni dawa ya ugumu wa haki pekee. Upatanisho wa kisarufi ni ugumu wa haki. Ngeli zimo ndani ya lugha kama hewa ilivyo chini ya bawa, na hakuna atakayeruka bila kuzijua. Vina na mizani katika shairi la kimapokeo ni ugumu wa haki pia, kwa maana kizuizi hicho ndicho humlazimisha malenga kulitafuta neno ambalo asingalilitafuta. Lakini kumkaririsha mwanafunzi orodha ya A-WA, KI-VI na LI-YA bila ya kumpa sentensi hata moja iliyo hai, au kuujaza ufahamu misamiati ambayo hata mtunzi wa mtihani aliitoa kamusini usiku uliotangulia, huo ni ugumu wa kutengenezwa. Mwanafunzi akiulalamikia, asiambiwe ni mvivu.

Katika hili mchezo wa mwaka 2001 ulikuwa na busara inayotufaa. Mipangilio yake humruhusu mchezaji kuzima kila ugumu peke yake: leo injini isichemke, kesho ichemke lakini risasi zisiishe, hadi siku atakapoviwasha vyote. Ukweli haukufutwa, ulipangwa ngazi kwa ngazi. Mwenzetu wa Biashara alipata burudani yake, wa Uhandisi akapata ndege inayoanguka. Mwalimu wa Kiswahili aweza kufanya vivyo hivyo, mradi asisahau kuvirudisha vile alivyovizima.

Kwa yule wa Historia bado sina jibu la kumridhisha. Mchezo huiga kabureta kwa uaminifu mkubwa, lakini hauigi mazishi. Anayejua kwa nini injini ya Spitfire ilikohoa amejua jambo la kweli kuhusu vita, na angali hajajua jambo lililo kubwa kuliko yote. Labda ndiyo sababu nauona ugumu wa haki kuwa na thamani hapa zaidi ya kwingineko. Mchezo ambao kila mtu hushinda ungetudanganya kwamba vita ni vyepesi. Huu walau hutuangusha mara tisa kabla ya kuturuhusu kutua.

Alhasili, mlalamikaji asinyamazishwe, na malalamiko yake yasikubaliwe kabla ya kupimwa. Tumuulize ugumu anaoutaja umetoka wapi: kwa jambo lenyewe, kwa uzembe wa mtengenezaji, au kwa tamaa yake. Ukitoka kwa jambo lenyewe, tumfunze. Ukitoka kwa uzembe, turekebishe. Ukitoka kwa tamaa, tuungane naye kulalamika.