Mkanda Ulioachwa Rio

Wapenzi wa filamu za kale za Hollywood wana tabia moja isiyo ya kawaida: habari wanazozingojea kwa hamu, aghalabu si za filamu mpya. Mtu mwingine huuliza nini kitaonyeshwa Ijumaa ijayo. Wao huuliza nini kimeonekana ghalani. Kopo lenye kutu lililofunguliwa katika nchi ya mbali, dakika chache zilizodhaniwa kuwa zimeungua, ndizo bishara zao. Na katika habari hizo zote, ni chache zilizongojewa kwa matumaini ya kuchoka na kufufuka kama habari ya mkanda aliouacha Orson Welles nchini Brazil mwaka 1942.

Welles alikuwa na umri wa miaka 26. Mwaka uliotangulia alikuwa ametoa Citizen Kane, na sasa alikuwa amekwisha kupiga picha za filamu yake ya pili, The Magnificent Ambersons, iliyotolewa katika riwaya ya Booth Tarkington ya mwaka 1918. Ni hadithi ya ukoo wa kitajiri katika mji wa ndani wa Marekani, ukoo uliodhani kwamba jina lake litadumu kama mawe ya nyumba yake, hata yakaja magari, na moshi, na madeni. Marekani ilikuwa imekwisha kuingia vitani, na serikali ikitaka urafiki wa nchi za kusini mwa bara lake. Ikamwomba kijana huyo aende Rio de Janeiro akapige picha za sherehe za kanivali. Akaondoka mwanzoni mwa Februari, kazi ya kuunga mikanda akimwachia mhariri Robert Wise. Wise alikuwa amfuate na mikanda yake wakaimalize kazi pamoja, lakini vita vilikuwa vimefunga njia za wasafiri wa kawaida. Ukapelekwa mkanda, mtu akabaki. Mashauri yakafanywa kwa simu za upepo, na simu ya upepo haijapata kuwa mahali pa kujadiliana juu ya kimya cha sekunde tatu baina ya wanawake wawili waliokaa ngazini.

Tarehe 17 Machi 1942 filamu ilionyeshwa kwa majaribio huko Pomona, California. Watazamaji walikuwa wamekuja kuangalia mchezo wa kuchekesha wenye nyimbo. Walipoletewa msiba wa watu wazima, wengine wakacheka. Wakuu wa studio ya RKO wakaingiwa na hofu. Filamu iliyokuwa na urefu wa dakika 131 ikakatwa hata ikabaki dakika 88. Mwisho wake ukapigwa upya na mtu mwingine: mahali pa chumba cha nyumba ya wapangaji, ambamo shangazi Fanny amekaa mzee na mpweke, pakawekwa ushoroba wa hospitali, na tabasamu, na muziki wa kuwafariji watu wanaokwenda zao nyumbani. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, alipoona sehemu kubwa ya kazi yake imeondolewa na kutiwa ya mwingine, alitaka jina lake lifutwe, nalo likafutwa. Mikanda iliyokatwa ikateketezwa. Haikupotea kwa moto wa bahati mbaya wala kwa gharika. Ilionekana inakula nafasi.

Aliyewahi kufasiri shairi refu anaujua uzito wa jambo hili. Neno likikosekana katikati, ubeti huchechemea, lakini msikilizaji hodari hulikisia. Mwisho ukibadilishwa, kila kilichotangulia hubadilika nao. Agnes Moorehead, aliyeigiza kama Fanny, analia katika filamu iliyobaki kilio ambacho mpaka leo hutetemesha. Lakini kilio hicho kilitungwa kielekee kwenye kile chumba cha wapangaji, na chumba hakipo. Kilichosalia ni maandishi ya kila tukio, na picha chache zisizotembea.

Mkanda uliopelekwa Rio haukurudi. Yasemwa uliamriwa uharibiwe huko huko. Yasemwa pia kwamba aliyeamriwa hakutii. Mwaka 2021 stesheni ya televisheni ya TCM ya Marekani ilitangaza kumsaidia mtengeneza filamu Joshua Grossberg aende Brazil akautafute, na wapenzi wa filamu za kale wakaanza tena kungoja kama wangojavyo watu wa pwani chombo kilichopitisha msimu.

Lakini Welles alikuwa akifanya nini Brazil hata asiweze kurudi kuiokoa filamu yake? Hapa ndipo penye hadithi nyingine, na kwa msomaji aliyezaliwa karibu na maji pengine ndiyo iliyo kubwa zaidi.

Mwezi Septemba 1941 wavuvi wanne wa Fortaleza, kaskazini mashariki ya Brazil, waling'oa nanga kwenda Rio. Majina yao waliyojulikana kwayo ni Jacaré, Tatá, Mané Preto na Jerônimo. Chombo chao kilikuwa jangada, nayo ni chelezo tu cha magogo sita yaliyoungwa pamoja, chenye tanga moja la pembe tatu: hakina ngama, hakina mataruma, maji hupanda na kushuka juu yake apendavyo Mungu. Walisafiri siku 61 bila ya dira, masafa ya zaidi ya kilomita 2,500. Hawakutafuta sifa. Mwenye jangada alikuwa akichukua nusu ya samaki wote waliovuliwa, na nusu iliyobaki wakagawana waliolowa. Na sheria za nchi zilizowapa wafanyakazi wengine pensheni na matibabu hazikumtambua mvuvi. Walikwenda kumwambia rais Getúlio Vargas, ana kwa ana. Tarehe 15 Novemba waliingia Rio, wakapokewa kwa shangwe, na Vargas akatia saini amri ya kuwaingiza wavuvi katika haki hizo.

Welles alizisoma habari zao katika gazeti la Time, akaona kwamba kanivali peke yake haitoshi. Akawaalika waje waigize safari yao wenyewe. Tarehe 19 Mei 1942, walipokuwa wakipigwa picha za kuingia Rio, wimbi liliipindua jangada yao. Watatu waliokolewa. Jacaré, kiongozi wa wavuvi wenzake, aliyekuwa ameivuka bahari ile yote kwa magogo sita, akafa maji mbele ya kamera.

Ni vigumu kuyapima mambo haya mawili kwa mizani moja, na pengine haifai kujaribu. Wanahistoria wa sinema wameandika kurasa nyingi kuzililia dakika 43 za Ambersons. Jacaré katika kurasa hizo mara nyingi ni sentensi moja, nayo hupita upesi ili msomaji arudishwe Hollywood. Welles mwenyewe, kwa makosa yake yote, hakupita upesi. Studio ilipobadilisha wakuu wake na kumnyima fedha, alikubali dola 10,000 na kamera moja isiyonasa sauti, akaenda Fortaleza na watu wachache, mpiga picha akiwa George Fanto, akaimaliza sehemu ya wavuvi akiwatumia wavuvi wenyewe na wake zao na wazee wao. Aliporudi Marekani, RKO ilikuwa imekwisha kuifukuza kampuni yake. Filamu ya Brazil, iliyokuwa iitwe It's All True, haikutolewa. Yasimuliwa kwamba baadaye sehemu kubwa ya mikanda yake ya rangi ilitupwa katika bahari ya Pasifiki.

Kilichookoka kilionekana katika miaka ya 1980: makopo ya mikanda ya nitrati, mengi yake ya picha zisizo na rangi za Fortaleza. Richard Wilson, aliyekuwa msaidizi wa Welles kule kule Brazil, aliishughulikia mikanda hiyo uzeeni, akafariki mwaka 1991 kabla ya kazi kwisha. Wenzake wakaitoa filamu mwaka 1993. Humo waonekana watu wa kijiji wakipanda vilima vya mchanga na maiti mabegani, mstari mrefu wa vichwa na mitandio chini ya mbingu kubwa, na hakuna sauti yao iliyonaswa. Kwa kuitazama mara moja tu, mtu huelewa kwa nini aliyeipiga hakuharakisha kurudi.

Sasa ipo habari mpya zaidi. Mwezi Septemba 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba itazitengeneza upya zile dakika 43 kwa akili mnemba, nyuso za waigizaji waliokufa zikichorwa na kompyuta kwa kufuata maandishi na picha zilizobaki. Wasimamizi wa urithi wa Welles walilalamika kuwa hawakuambiwa kitu. Wapenzi wa filamu wamegawanyika. Wanukuzi wa tenzi nao walijaza beti zilizoliwa na mchwa, na wengine walijaza vizuri. Lakini mnukuzi mwaminifu aliacha alama, msomaji ajue mkono umebadilika. Uso wa Moorehead ukilia kilio ambacho hakukilia hautakuwa na alama hiyo, ila kwa anayejua tangu hapo.

Na hesabu iliyofanywa mwaka 2000 ilikuta kwamba takriban futi 130,000 za mikanda ya It's All True zilikuwa hazijanakiliwa bado, nazo zikiendelea kuoza. Nitrati haiozi ghafla. Kwanza picha hufifia na kugeuka manjano, kisha mkanda hunata wenyewe kwa wenyewe usikunjuke, kisha hutoa harufu kali. Na mwisho kopo likifunguliwa hupatikana unga wa rangi ya kahawia, mwepesi, wa kupeperuka kwa pumzi.