Kitasa wa Shinyanga na Kitasa wa Waregem

Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu huohuo wa kwanza ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kocha wake alikuwa Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga. Jina lililotikisa nchi, hata hivyo, lilikuwa la mshambuliaji George Mpole, aliyefunga mabao 17, akawa mfungaji bora na baadaye akasajiliwa na St. Eloi Lupopo ya Lubumbashi. Mabeki waliolinda ushindi wa mabao yale hawakutajwa sana.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga na naishi Ubelgiji. Soka la pande zote mbili nalifuatilia kwa moyo mmoja, na nimeamini kwamba vitasa wetu, yaani mabeki wa kati, hawapungukiwi kipaji. Wanapungukiwa kumbukumbu za maandishi, na klabu zinazodumu.

Nenda kwenye ndondo, mashindano ya mtaani, Kahama au Katoro saa kumi jioni, wakati wa kiangazi. Uwanja ni mgumu, mpira unadunda ovyo, vumbi linapanda. Beki anayejaribu kuutuliza anaweza kunyang'anywa mbele ya lango, kwa hiyo anajifunza kubutua. Mpira ukienda nje, watu wanashangilia. Anajifunza pia kuruka, kuusoma mwendo wa mshambuliaji na kutoogopa. Jioni anapewa posho yake, bingwa anaondoka na ng'ombe, na hakuna aliyeandika kwamba kijana yule alicheza.

Huku Ubelgiji, katika mechi ya watoto Jumamosi asubuhi, nimemwona kocha akimwita pembeni beki mdogo aliyebutua mpira bila kubanwa na mtu. Hakumfokea. Alimwonyesha kwa kidole wenzake wawili waliokuwa huru, kisha akamrudisha uwanjani. Mtoto yule ameandikishwa kwenye chama cha soka, klabu yake inajulikana, na kila msimu anaocheza unaingia kwenye kumbukumbu zake.

Kumbukumbu hizo ni fedha. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia miaka 16, kila msimu una asilimia 0.5. Klabu ya Shinyanga iliyomwandikisha kijana kwa misimu minne, tangu miaka 16 hadi 19, ina haki ya asilimia 2. Akiuzwa kwa euro milioni moja, hiyo ni euro 20,000, zaidi ya shilingi milioni 50 za kwetu. Asiyeandikishwa, klabu yake haiambulii kitu.

Jambo la pili ni uhai wa klabu. Mshambuliaji anaweza kuuzwa kwa mabao ya msimu mmoja. Kitasa hukomaa taratibu, na anahitaji misimu kadhaa akizoeana na mwenzake wa kati, kipa wake na kocha wake. Kanda yetu ya Shinyanga na Geita haimpi muda huo. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi Shinyanga, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na kupata udhamini wa kampuni ya dhahabu ya Acacia. Mwaka 2016 ukazuka mgogoro wa nani mwenye timu, udhamini ukakatika, na mwaka 2019 ikashuka. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilishuka mwaka 2021. Geita Gold nayo ilishuka mwaka 2024. Kila timu inaposhuka, mabeki hutawanyika na kuanza upya kwingine.

Tazama sasa Novatus Miroshi, kijana aliyelelewa Azam na anayecheza beki na kiungo mkabaji. Alikuwa Zulte Waregem hapa Ubelgiji timu hiyo iliposhuka daraja mwaka 2023. Klabu haikufa, mkataba wake haukupotea, na miezi michache baadaye alikuwa Shakhtar Donetsk kwa mkopo, akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka 2024 akaenda Göztepe ya Uturuki. Kushuka kwa timu hakukumzika, kwa sababu kazi yake ilikuwa imeandikwa na kurekodiwa, na waliomhitaji walijua pa kumpata.

Nyumbani hatuhitaji kusubiri viwanja vya Ulaya ili tuanze. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kampuni za migodi zinatakiwa kukubaliana na halmashauri kila mwaka kuhusu mpango wa kuhudumia jamii. Madiwani wa Geita, Kahama na Kishapu, wekeni ndani ya mipango hiyo timu za vijana zenye makocha wenye leseni. Fedha ya udhamini ikiishia kwenye usajili wa wakubwa, inaondoka nao.

Waandaaji wa ndondo, andikeni majina na tarehe za kuzaliwa, na mrekodi mechi zenu hata kwa simu. Wazazi, mtoto asisaini karatasi yoyote ambayo hamjaisoma, na mdai nakala. Nanyi viongozi wa klabu, mwandikisheni kijana akiwa na miaka 12. Mkisubiri mpaka aonekane na timu za Dar es Salaam, haki yenu itakuwa imeshapita.