Singe ya Babu na Bei ya Haki



Katika mafundisho juu ya amri ya saba, wengi wenu hutuuliza ni mahali gani bei hugeuka kuwa wizi. Amri hiyo husomwa upesi, kana kwamba yamhusu tu mwenye kuiba kuku usiku. Sisi tumelazimika kuitafakari nyumbani kwetu kwa sababu ya singe, yaani kile kisu kirefu kinachochomekwa mbele ya mtutu wa bunduki, tuliyoachiwa na babu.

Babu alikuwa askari wa Force Publique. Alikuwa miongoni mwa wale waliotoka Kongo, wakapita Sudani, wakaingia Ethiopia kupigana na Waitalia, hata jenerali Gazzera akajisalimisha huko Saïo tarehe 3 Julai 1941. Bunduki yake, Mauser ya mfano wa 1889, aliirudisha ghalani. Singe alisema alipewa na mkubwa wake siku ya kuliaga jeshi. Tangu hapo imefanya kazi kubwa kuliko ile ya vitani: shangazi yetu, binti wa mwisho wa babu, ameichimbia viazi vitamu na kuinoa juu ya jiwe kwa miaka zaidi ya arobaini.

Sasa macho ya shangazi yamezibwa na mtoto wa jicho. Upasuaji wadai fedha. Mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alisikia habari, akaja na dola 20, akasema singe yenyewe ni chuma kikuukuu tu. Alikuwa na haraka kupita mtu anunuaye chuma kikuukuu.

Tulimwandikia padri mmoja wa kwetu anayesoma Ubelgiji, naye akawauliza wanaokusanya vitu vya namna hiyo. Tulijifunza mengi. Wao hutazama kwanza namba iliyogongwa juu ya chuma, kama yalingana na ile ya ala. Kisha alama ya kiwanda, mti wa mpini kama ni ule wa asili, na makali kama yamewahi kunolewa. Kusugua kutu kwa mchanga ili king'ae, jambo ambalo kila mmoja wetu angelifanya kwa heshima, kwao ni kuharibu. Tena bunduki zenyewe zilikuwa nyingi: kiwanda cha Herstal, karibu na Liège, kilianzishwa mwaka 1889 ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za mfano ule. Kwa vipimo hivyo singe yetu ilikuwa maskini. Ala ilipotea zamani, na makali yameliwa na jiwe la shangazi. Hata hivyo alipatikana mtu wa kutoa dola 60. Akaongeza kwamba angetoa 150 tukimwandikia barua, yenye sahihi za wazee, kwamba singe hii ilikuwako Saïo.

Hapo ukoo ukagawanyika. Babu alikuwako Saïo, hilo halina shaka. Lakini hakutuambia hata mara moja kwamba chuma hiki ndicho alichokibeba kule. Ndugu yetu mmoja akasema: «Babu alikuwa pale, singe ni ya babu, uongo uko wapi?» Swali hilo si la mpumbavu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilichambua jambo la namna hii katika Summa Theologiae, sehemu ya pili, swali la 77. Hufundisha kwamba muuzaji aweza kuhesabu ndani ya bei hasara anayoipata yeye kwa kuachana na kitu chake. Bali faida kubwa atakayoipata mnunuzi, ikiwa muuzaji hapotezi neno, si mali ya muuzaji, wala hana ruhusa ya kuitoza. Na kasoro iliyofichika, yenye kumdhuru mnunuzi, sharti itajwe. Basi uchungu wa shangazi waweza kuingia katika bei. Hamu ya mgeni haiwezi. Na jina la Saïo, tusipokuwa na hakika, lingekuwa ushuhuda wa uongo uliotiwa sahihi.

Yuko pia mpwa wetu aliyekataa fedha zote. Alikumbusha kwamba jeshi hilohilo, zamani za mfalme Leopold wa Pili, lilitumwa kuwalazimisha watu kuvuna mpira, na mikono ikakatwa. Utukufu gani basi tungeutoza? Hatukumshinda kwa maneno, wala hatukujaribu sana. Tulimsimulia tu habari za Msumbiji, ambako tangu mwaka 1995 askofu Mwanglikana Dinis Sengulane na Baraza la Wakristo waliwapa watu majembe, baiskeli na vyerehani badala ya bunduki walizozileta. Mle hakuna aliyeuliza kama namba zalingana.

Shangazi alisikiliza yote akiwa amefumba macho. Kisha akasema: «Wanangu, muuzieni chuma. Baba msimuuze.»

Tuliandika barua ya mistari minne: babu alikuwa Saïo, kama singe hii ilikuwako, hatujui, imenolewa mara nyingi, ala imepotea. Mnunuzi aliisoma, akatoa dola 70. Zilizobaki zilichangwa na watoto pamoja na shirika letu. Jicho la kuume limekwisha kupasuliwa, la kushoto langoja mwezi ujao. Katika fedha zile shangazi alitenga kidogo za kununulia jembe, kwa maana viazi vilikuwa vimekomaa na nyumbani hapakuwa tena na cha kuvichimbia.