Mnanunua kuni au maji?

Leo naiweka PHP kando tuzungumze kuni. Ndiyo, kuni!

Viwanda vyetu vingi vya majani chai, toka Kericho hadi Nyeri, huchoma kuni, hasa mikaratusi, kwenye boila ili kupata mvuke wa kunyausha na kukausha majani. Mwaka jana kiwanda kimoja (jina nalihifadhi) kiliniita nikiandikie programu ya mizani: lori linapimwa, mkulima analipwa kwa tani. Nikauliza, unyevu unaandikwa safu gani? Wakatazamana.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni kavu kabisa hutoa takriban megajuli 19; yenye nusu maji hutoa kama 8 tu, na ya asilimia 25 hutoa 13 na ushee. Bei ya tani ni ile ile. Basi mkulima aliyeanika kuni zake kwa miezi analeta lori jepesi na kulipwa kidogo kuliko jirani aliyekata jana. Jameni! Na programu yangu ingefanya dhuluma hiyo haraka, tena kwa risiti safi.

Wapo wanaodai kukausha gogo huongeza joto lake maradufu. La hasha. Gogo lile lile likitoka asilimia 50 hadi 25 hutoa kama asilimia 10 zaidi. Kilichopungua sana ni uzito. Ila boila nayo ina yake: kuni mbichi hupoza moto, moshi unajaa, presha ya mvuke inashuka, na mwenye zamu anatupia magogo zaidi.

Kisha asilimia ya nini? Hapo ndipo penye utamu kwa sisi wa kodi. Vipimo vingi vya mafundi mbao hugawanya maji kwa uzito wa kuni kavu, ilhali watu wa boila hugawanya kwa uzito wote. 100 ya fundi ni 50 ya boila. 25 yake ni 20. Uhakika ni kupima kipande, kukioka kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha kupima upya.

Safu nimeiongeza: unyevu_kwa_uzito_wote. Jina refu, najua. Kulipa kwa kilo kavu bado kamati inabishana, na wanaoleta kuni mbichi hawataki hata kusikia.