Mgeni wa Dar, usiliwe Kariakoo!

Jamani eh, Dar hakuna wa kumwonea mgeni huruma. Kama umekuja na vijisenti vyako vya kuungaunga, soma hapa kwanza.

Nguo? Kariakoo. Panda Mwendokasi ya Gerezani, teremka Msimbazi, ulizia Mtaa wa Kongo. Utalakiwa na kijana mchangamfu: "Dada, unatafuta nini? Njoo nikuoneshe duka." Huyo ni winga. Duka si lake, na bei atakayokutajia ina cha juu chake ndani. Mshukuru, kisha ingia dukani mwenyewe. Maduka mengi pale yanauza jumla na rejareja, kwa hiyo ungana na mashosti mchukue kwa pamoja, uone bei inavyoshuka. Mpenzi wa mitumba awahi Karume, Ilala, asubuhi belo likikatwa. Ukichelewa, wajanja wameshachagua!

Tumbo likilia, achana na mahoteli ya viyoyozi. Kwa mama lishe sahani ya wali maharage unashiba na chenji inabaki. Samaki ni Feri, Kivukoni: hapohapo wanapouzwa wabichi, wapo wanaokukaangia. Jioni nenda Coco Beach ukale mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili, upepo wa bahari bure. Zege, yaani chipsi mayai, liko kila kona. Ila popote pale, uliza bei kabla hujakaa.

Na nauli ya kurudi ifiche mbali na pochi. Mjini hapa huna shangazi wa kukukopesha.